Fanusi ya Kina Wentzell

Mke wangu hanunui vitu vizima.
Anavingoja vife kwanza,
vizikwe kwenye maboksi ya watu wengine,
ndipo aende kuvifufua kwa dola mbili.

Julai, wenzetu walipokwenda ziwani kuogelea,
sisi tulikuwa mnadani, ndani ya ghala la nyasi,
mimi nimeshika kadi namba kumi na saba,
Idella ananinong'oneza: "Inua, Murray. Inua tena."
Dola nne, mkebe wa biskuti
wenye picha ya farasi aliyebabuka uso.
Dola mbili, viatu vya kutelezea barafuni,
kimoja cha mtoto, kimoja cha mtu mzima.
"Atavivaa nani?"
"Havivaliwi. Vinatundikwa."
Nikanyamaza. Tuna miaka thelathini na minane ya ndoa;
asiyejua kunyamaza hafiki huku.

Sasa ni Desemba, Nova Scotia ya ndani,
theluji imepanda hadi kizingiti cha dirisha,
na mimi nashusha maboksi kutoka darini.
Ngazi inalia kama mgongo wangu,
mgongo wangu unalia kama ngazi.

Vile viatu viko mlangoni, vimeshiba matawi ya msonobari.
Jagi la enameli lililotoboka
limebeba matunda mekundu aliyoyakata kinamasini
akiwa amevaa mabuti yangu, bila kuniuliza.
Njuga za farasi ambaye hakuna anayekumbuka jina lake
zimepigiliwa mlango wa nyuma:
kila paka akitoka,
mtu anageuka kutazama barabara.
Mtini tumening'iniza funguo zisizo na kufuli,
vibiringo vya uzi,
vijiko vya chai vyenye herufi zisizo zetu, R.M.Z.,
na tufe za kioo zilizofubaa kama macho ya mbwa mzee.

Nilitaka taa za umeme.
Nilipewa waya mmoja, nyuma ya kochi.

Juu ya meko, peke yake msumarini, fanusi.
Ya shaba. Kioo kina ufa,
mkono umefungwa waya wa uzio.
Dola kumi na moja, na nilinung'unika njia nzima.

Jumamosi Orrin Wentzell akatuletea kuni,
akaingia kunywa chai, soksi zake zikiacha maji sakafuni.
Akasimama katikati ya chumba,
kikombe kikasimama njiani, hakikufika mdomoni.
"Huo waya," akasema, "niliufunga mimi.
Nilikuwa na miaka tisa.
Mama alikwenda nayo kukamua ng'ombe kabla hakujakucha.
Nilipoiangusha nikadhani nimevunja asubuhi."

Hakusema habari za benki, wala za shamba.
Sisi sote tunaoishi barabara hii tunazijua.

Idella alikwishaitungua, anaipangusa kwa aproni.
"Chukua. Ni yako. Chukua."
Orrin akarudi nyuma hatua moja,
kama mtu anayekabidhiwa mtoto mchanga wa wageni.
"Nitaiweka wapi? Nina chumba kimoja na televisheni."
Kisha, polepole: "Ila, inawaka?"

Hatukuwahi kujaribu.
Nikaenda gereji kutafuta mafuta ya taa.
Yeye akakata utambi kwa mkasi wa kushonea,
kidole gumba kikaenda chini, kushoto,
kikasukuma mahali
ambapo mimi nisingejua kamwe kuwa pana mahali.
Ikakohoa. Ikatapika moshi. Ikawaka.

Idella akauzima waya wangu wa umeme
bila hata kunitazama.
Vijiko vikaanza kumeta mtini,
R.M.Z., R.M.Z.,
kana kwamba wenyewe wameshafika getini.
Paka akatoka. Njuga zikalia.
Orrin ndiye aliyegeuka wa kwanza.

Moshi umeacha doa darini, juu ya meko,
ukubwa wa sahani.
Nimenunua rangi nyeupe, kopo zima.
Idella ameificha,
na safari hii sikuuliza.